Shajara ya Mradi: Mipapai, Minanasi na Mikunde Kati ya Miembe Michanga

Mwezi wa 1

Miembe 48 ya kubebesha (tawi la mwembe bora lililounganishwa juu ya shina la mwembe mwingine) imepandwa wiki hii, katika mistari 6 yenye miti 8 kila mmoja, kwa nafasi ya mita 10 kwa mita 10, ambayo ni sawa na miti 100 kwa hekta. Apitaye kando ya shamba leo haoni shamba la maembe. Anaona uwanja mtupu wenye vijiti, na kila kijiti kimefungiwa mche usiofika kiunoni. Uwanja huo mtupu ndio sababu ya mradi wenyewe. Mche ambao majani yake yametanuka kwa upana wa mita 1 hufunika eneo lisilotimia hata mita 1 ya mraba, ilhali umetengewa mita 100 za mraba. Utakapotanuka hadi mita 3 utakuwa umefunika takriban mita 7 tu za mraba, na ukifika mita 5 utafunika karibu 20. Eneo linalobaki halikai wazi kamwe, kwa kuwa tusipolipanda sisi litajipanda magugu, nayo magugu hunywa maji na kula mbolea bila ya kutuachia chochote.

Mashimo yalichimbwa mapema, sentimita 60 kila upande na kwenda chini, udongo wa juu ukawekwa kando peke yake, kisha ukachanganywa na samadi iliyooza vizuri na kurudishwa. Kazi hiyo ilikwenda bila tatizo. Tatizo lilijitokeza tulipochana mifuko ya miche: kati ya miche 50 tuliyonunua, 7 ilikuwa imekaa kitaluni muda mrefu mno hata mzizi mkuu ukajisokota chini ya mfuko kama kamba iliyozungushwa kwenye kigingi. Mche wa namna hiyo hukua kwa uzuri mwaka wa kwanza na wa pili, halafu hudumaa au huangushwa na upepo, kwa kuwa mizizi iliyojisokota haijinyooshi yenyewe ardhini. Miwili iliyokuwa mibaya zaidi tuliitupa. Mitano tuliipunguza mizizi kwa kisu kikali na kuipanda, nayo imetiwa alama ya rangi ili ifuatiliwe. Ninaandika haya kwa sababu mti ukidumaa mwaka wa tatu, ni rahisi kumlaumu mpapai aliye jirani kwa kosa lililofanyika kitaluni.

Kanuni moja tumekubaliana kabla ya kupanda kingine chochote: mwembe ndiye mwenye nyumba, na mazao mengine yote ni wapangaji. Kila uamuzi utakaofuata utapimwa kwa kanuni hiyo.

Mwezi wa 2

Nafasi zilizopo kati ya mistari ya miembe nitaziita vichochoro, nazo ni 5. Uchochoro wa 1 umepata mstari mmoja wa mipapai katikati kabisa, mita 5 kutoka kwenye miembe ya kila upande, na kunde pembeni. Uchochoro wa 2 ni wa minanasi. Wa 3 ni wa mikunde peke yake. Wa 4 una mipapai katikati na minanasi kandokando yake. Wa 5 haukupandwa chochote. Nyasi zake zitafyekwa na kulazwa palepale, ili tuwe na cha kulinganishia.

Mipapai imekaa umbali wa mita 2.5 mmoja hadi mwingine, mashimo 28 katika kila uchochoro, na kila shimo limepata miche mitatu. Wingi huo ni wa makusudi, kwa maana mpapai uliotoka kwenye mbegu haujulikani jinsi yake hadi utoe maua. Minanasi tumeipanda kwa mistari pacha, sentimita 60 kati ya mstari na mwenzake na sentimita 30 kati ya mche na mche, tukitumia machipukizi ya ukubwa unaolingana, kwa sababu ukichanganya makubwa na madogo hutapata mavuno ya wakati mmoja.

Kuchagua mazao kulituchukua muda mrefu kuliko kupanda, na sehemu kubwa ya muda huo ilikwenda katika kukataa. Mpera ulipendekezwa mara tatu, nasi tukaukataa mara tatu. Ni kweli kwamba huzaa mapema na haudai mengi, lakini nzi wa matunda wa aina ya Bactrocera dorsalis huupenda mpera kama anavyoupenda mwembe, na mpera unaozaa wakati maembe hayapo humlea nzi huyo bila kukatika hadi maembe yatakaporudi. Kupanda mipera ndani ya shamba la maembe ni kumjengea adui ghala. Migomba tuliikataa kwa sababu hunywa maji mengi, hula potasiamu kwa wingi, na zaidi ya hayo haiondoki: ukiukata mmoja, machipukizi yake yanakusubiri. Mahindi na mtama hurefuka kuupita mche wa mwembe katika miezi yake ya mwanzo, na hula naitrojeni ileile ambayo mche unaihitaji.

Kuhusu nyanya, bilinganya na bamia, sababu yetu haionekani kwa macho. Mimea hiyo hushikwa na mnyauko unaoletwa na kuvu wa jenasi ya Verticillium, ambaye akishaingia ardhini hukaa miaka mingi, na mwembe mchanga nao hushambuliwa naye: tawi moja hukauka ghafla na majani yake ya kahawia hubaki yakining'inia, huku matawi mengine yakiendelea kuwa mabichi. Shamba lililowahi kulimwa nyanya kwa misimu mingi si mahali pema pa kuanzishia miembe, sembuse kuzipanda nyanya zenyewe katikati yake. Matikiti na maboga tuliyakataa kwa ajili ya mipapai, kwa kuwa mimea ya jamii hiyo huweza kuhifadhi virusi vya madoa ya pete. Pasheni ilikataliwa bila mjadala, maana mmea unaotambaa hauulizi kama nguzo uliyoiparamia ilikuwa na kazi nyingine.

Mwezi wa 4

Kunde zimetufundisha somo la pasheni kwa njia ya mkato. Mbegu tuliyoipanda katika uchochoro wa 1 na wa 3 tuliidhani ni ya kusimama, kumbe ilikuwa imechanganyika na ya kutambaa. Mzee anayetusaidia palizi aliniita asubuhi, akapiga magoti mbele ya mwembe wa tatu katika mstari wa 2, akasema, "Njoo uone, mwanangu, huyu ananyongwa." Mkunde mmoja ulikuwa umevuka duara tuliloliacha wazi, ukazunguka kijiti na mche pamoja mara nne, na ncha yake ilikuwa imekwisha kupita juu ya chipukizi la kileleni. Tulipoufungua taratibu, tuliona gome la mche, ambalo bado ni la kijani, limeachiwa alama ya mkunjo kama ya uzi uliokazwa kidoleni. Mche wenyewe ulikuwa umeinama kuelekea upande ambao mzigo ulikuwa mzito. Miche mingine mitano ilikuwa katika hali hiyohiyo au inakaribia.

Tangu siku hiyo duara la wazi kuzunguka kila mwembe limepanuliwa kutoka nusu kipenyo cha mita 1 hadi mita 1.5, na mbegu yoyote ya kunde inapandwa kwanza katika kitanda kidogo cha majaribio ili tabia yake ijulikane.

Kunde zenyewe zimevunwa baada ya siku 70 hivi. Nilichimbua mimea michache na mizizi yake ili nivitazame vinundu. Vingi vilipopasuliwa kwa ukucha vilikuwa na rangi ya waridi ndani, dalili kwamba bakteria wake walikuwa kazini wakikamata naitrojeni ya hewani. Vichache vilikuwa vya kijani au vya kijivu, navyo hivyo kazi yake ilikuwa imekwisha. Hapa sina budi kusema jambo ambalo mara nyingi huelezwa kwa kutiwa chumvi. Mkunde hauugawii mwembe naitrojeni ukiwa hai, isipokuwa kwa kiasi kidogo sana. Huitumia wenyewe, na sehemu kubwa huihamishia kwenye mbegu. Ukivuna mbegu na kung'oa mimea yote kwenda kulisha mifugo, unaweza kuwa umetoa shambani zaidi ya ulivyoingiza. Faida ya mwembe huja pale tu majani, mashina na mizizi vinapoachwa vioze. Kwa hiyo tumekata mimea usawa wa ardhi, mizizi ikabaki chini, na majani yakalazwa kama matandazo kuzunguka miembe, tukiacha upana wa kiganja bila kitu chochote karibu na shina, kwa kuwa matandazo mabichi yanayogusa gome huleta uozo, na makavu hualika mchwa.

Mwezi wa 5

Mvua kubwa imenyesha siku mbili mfululizo, na maji yakasimama upande wa chini wa uchochoro wa 1 na wa 4. Miembe haikuonyesha dalili yoyote. Mipapai katika mashimo 9 imekufa. Siku ya tatu majani yake ya chini yalikuwa ya njano, ya tano yakaanguka, na tulipoivuta iling'oka kwa mkono mmoja, mizizi ikiwa laini na yenye harufu. Mpapai hauvumilii maji yaliyotuama, na siku mbili zinatosha kabisa kuuua. Tulilijua hilo kabla, lakini shamba tulilitazama wakati wa ukame, ambapo mteremko mdogo hauonekani. Sehemu hizo hazitapandwa upya. Kwingine mipapai yote imeinuliwa kwa matuta.

Mwezi wa 7

Mipapai imetoa maua. Dume hutambulika kwa vikonyo virefu vyenye maua mengi madogo yanayoning'inia. Jike huwa na ua moja au mawili manene yaliyokaa karibu na shina, yenye tumbo la mviringo. Na huntha, mwenye jinsi zote mbili, hukaa kama jike lakini ua lake ni jembamba na refu zaidi, na lina stameni, yaani sehemu za kiume. Katika kila shimo tumeacha mmea mmoja. Madume tumebakiza machache tu yaliyotawanyika, takriban moja kwa majike 10, kwa ajili ya uchavushaji. Kung'oa mmea wenye afya uliokunywa maji yako kwa miezi mitano kunauma, na mwenzangu alitaka tuiachie miwili miwili "tuone itakuwaje". Hatukufanya hivyo, kwa kuwa mipapai miwili shimo moja ni wapangaji wawili waliolipia chumba kimoja.

Miembe imepunguzwa kichwa kwa urefu wa sentimita 80 ili itoe matawi matatu au manne ya msingi. Machipukizi ya chini ya mahali pa kubebeshea yanaondolewa kila wiki mbili, maana hayo ni ya shina mama na yakiachwa huushinda mti uliokusudiwa.

Mwezi wa 9

Kiangazi kimekolea, na kwa mara ya kwanza tofauti inaonekana kwa macho. Mwembe hukua kwa mawimbi: majani mapya hutoka kwa pamoja, laini, ya rangi ya shaba, yakiwa yamelegea kama yaliyonyauka, kisha baada ya wiki chache hukaza na kuwa ya kijani. Kuhesabu mawimbi hayo kunaeleza hali ya mti vizuri kuliko kupima urefu wake. Miti mingi ya mstari wa 3 na wa 4, iliyopakana na mikunde, imetoa wimbi jipya mwezi huu. Mstari wa 5, ambao kwa upande mmoja una mipapai na minanasi ya uchochoro wa 4 na kwa upande wa pili una uchochoro wa 5 usiopandwa kitu, umetoa wimbi hilo kwa miti miwili tu kati ya minane.

Nilichukua jembe nikaenda kwenye mti wa nne wa mstari huo. Nilichimba kila upande, mita 1.5 kutoka shinani, hadi kina cha sentimita 30, nikachukua udongo wa chini na kuufumbata. Udongo wa upande wa uchochoro wa 5 ulishikana, ukabaki na alama za vidole nilipofungua mkono. Ule wa uchochoro wa 4 ulimwagika kati ya vidole kabla sijafungua. Ni mti mmoja, mvua ileile, maji yaleyale ya ndoo, na umbali kati ya mashimo mawili hayo ni mita 3.

Mara moja tuliishuku minanasi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Mstari wake wa nje uko mita 2 kutoka kwenye mwembe. Ili kuthibitisha, tulichimba mfereji mwembamba kutoka kwenye mwembe hadi kwenye mpapai. Mizizi ya minanasi ilikuwa mifupi na michache, imejikusanya chini ya kila mche, na hilo linaafikiana na tabia yake: nanasi hufungua vinyweleo vya majani yake usiku na kuvifunga mchana, hivyo hupoteza maji kidogo kuliko karibu zao lolote tunalolijua. Mizizi ya mpapai ndiyo iliyotushangaza. Ilikuwa minene, yenye nyama, ya rangi ya krimu, nayo ilitambaa karibu na uso wa ardhi kwa zaidi ya mita 3 kuelekea kwenye mwembe. Pamoja na hayo, udongo wa uchochoro wa 4 ulikuwa mtupu, kwa kuwa tulipalilia kwa jembe na kuyatoa magugu nje ili tusichomwe na majani ya minanasi, ilhali uchochoro wa 5 ulikuwa umelaliwa na nyasi kavu unene wa kiganja. Siwezi kutenganisha sehemu iliyoibwa na mpapai na ile iliyoibwa na jua. Nanasi, kwa vyovyote vile, tumelisingizia.

Hatua iliyochukuliwa ni kuleta nyasi kavu na kutandaza uchochoro wote wa 4. Umwagiliaji nao umefanyiwa hesabu upya. Tulikuwa tukimwaga lita 20 kwa kila mwembe kwa wiki, na kiasi hicho kilionekana kikubwa hadi tulipokigawa: duara lenye nusu kipenyo cha mita 1 lina eneo la mita 3.14 za mraba, kwa hiyo lita 20 ni sawa na mvua ya milimita 6 na nusu hivi, yaani manyunyu ya jioni moja. Miti ya mstari wa 5 na wa 4 sasa inapata ndoo mbili, na hupata kwanza, kabla ya mipapai.

Mwezi wa 12

Mapapai ya kwanza yameiva, miezi 10 baada ya kupandwa. Yamekwisha kulipia samadi na palizi ya mwaka mzima, na sitaficha kwamba furaha ilikuwa kubwa.

Wageni wawili waliotembelea shamba waliuliza swali moja: je, mipapai haiifuniki miembe kwa kivuli? Nimefanya hesabu. Mpapai wa urefu wa mita 2.5 ulio mita 5 kutoka kwenye mwembe hutupa kivuli kinachofika kwenye shina hilo pale tu jua likiwa chini ya nyuzi 27 hivi juu ya upeo. Karibu na ikweta, jua hupanda nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo kivuli hicho hugusa mwembe kwa muda usiofika saa mbili baada ya macheo na muda kama huo kabla ya machweo, wakati ambao nuru yenyewe ni hafifu. Ugomvi wa mazao haya katika miaka ya mwanzo haumo angani, umo ardhini.

Mwezi wa 14

Karanga zimepandwa katika uchochoro wa 3, mita 2 kutoka kwenye miembe. Umbali huo si wa kivuli wala wa maji. Ni wa mavuno, kwa sababu karanga huvunwa kwa kufukua, na jembe halibagui mzizi wa karanga na mzizi wa mwembe.

Mwezi wa 17

Virusi vya madoa ya pete vimeingia katika uchochoro wa 1. Mipapai minne ina majani yenye mabaka ya njano na kijani yaliyokunjamana, vikonyo vyake vina michirizi ya kijani kibichi kama iliyopakwa mafuta, na matunda yake yana pete ndogo zilizochorwa kwenye ganda. Hakuna dawa ya ugonjwa huu. Huenezwa na vidukari, nao hawahitaji kukaa na kunyonya. Kuonja kwa sekunde chache kunatosha kuupokea au kuuambukiza, na ndiyo sababu kupiga dawa ya wadudu husaidia kidogo sana: kidukari hufa akiwa amekwisha kuambukiza. Tumeing'oa minne hiyo na kuifukia mbali na shamba siku hiyohiyo.

Naamini tulichangia wenyewe. Kunde za msimu huu zilikuwa na vidukari weusi wengi kwenye ncha na maganda, na tulizing'oa zote siku moja zilipokauka. Kidukari aliyeondolewa mezani huruka kutafuta meza nyingine, na iliyokuwa karibu ilikuwa mipapai. Mwakani hakuna kunde itakayopandwa pembeni mwa mipapai, na kule zinakobaki zitaondolewa kidogo kidogo zikiwa bado mbichi. Uchochoro wa 4, usio na kunde, hauna mpapai hata mmoja wenye dalili hadi leo, ingawa uchochoro mmoja haujawa ushahidi.

Mwezi wa 20

Mananasi yamevunwa, miezi 18 baada ya kupandwa. Katika uchochoro wa 2 mavuno yalikuwa ya kuridhisha. Katika uchochoro wa 4 matunda yalikuwa madogo kidogo, na baadhi ya mimea ilikuwa na majani mekundu yaliyolegea ncha. Chini ya majani hayo tulikuta vidung'ata weupe, wadudu wadogo wanaonyonya mmea, na sisimizi wakipanda na kushuka. Sisimizi ndio wachungaji wa vidung'ata: huwahamisha kutoka mmea hadi mmea, huwalinda dhidi ya wadudu wanaowala, nao hulipwa kwa utomvu mtamu. Machipukizi ya mimea hiyo hayatatumika kama mbegu.

Miembe 31 imetoa mashada ya maua, na yote tumeyaondoa kwa mkono. Shada moja laweza kuwa na mamia au hata maelfu ya maua, na chini ya asilimia 1 ndiyo hufika kuwa tunda. Lakini hata tunda moja au mawili kwenye tawi la unene wa kidole huliinamisha na kuuchelewesha mti. Mwenzangu aliomba tuache shada moja tu kwenye mti mkubwa kuliko yote, ili tuonje. Liliachwa, likapukutika lenyewe.

Leo pia ninakiri kasoro ya mpango wetu, ambayo ingepasa kuonekana mwezi wa kwanza. Kila mstari wa miembe umekaa kati ya vichochoro viwili tofauti, na mistari ya 1 na 6 ina mpaka wa shamba upande mmoja. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba mti fulani ni "mti wa nanasi" au "mti wa kunde". Ni mti wa nusu hili na nusu lile. Anayetaka kulinganisha kwa haki ampe kila mti jirani mmoja pande zote, naye ahesabu miti ya ndani tu. Tunachoweza kulinganisha bila kujidanganya ni pande mbili za mti uleule, kama tulivyofanya mwezi wa 9.

Ile mitano iliyopunguzwa mizizi ingali hai. Miwili imedumaa wazi, na mmoja kati ya hiyo uko kwenye mstari wa 5, kwa hiyo hata hesabu ya mawimbi niliyoiandika mwezi wa 9 ipunguziwe uzito kwa kiasi hicho.

Mwezi wa 25

Duara la wazi limefikia nusu kipenyo cha mita 2. Uchochoro wa 3 umebaki na mita 6 za kupanda, uliokuwa na 8 mwanzoni.

Mwezi wa 30

Mvua zimekwisha, na kuna uamuzi ambao hauwezi kusubiri. Mipapai mitano zaidi iliugua tangu mwezi wa 17, hivyo katika mashimo 56 ya mwanzo tumebaki na 38. Mingi imefika mita 4, matunda yake yako juu, ni madogo kuliko ya mwaka wa kwanza, na huchumwa kwa upondo. Hata hivyo inazaa, na mwenzangu anaona kwamba kiangazi kimoja zaidi chenye kumwagiliwa kingelipa.

Upande wa pili wa mizani uko mwembe. Mwaka huu tunakusudia kuiachia miti yenye nguvu matunda machache, na ili mwembe utoe maua inabidi upumzike: wiki kadhaa za ukavu au baridi, bila maji na bila naitrojeni, ukuaji wa majani usimame. Katika maeneo ya joto, matawi yaliyokomaa kwa miezi 4 au 5 ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kutoa maua. Tawi lililochipua jana likisukumwa na maji litatoa majani tena. Mpapai, kwa upande wake, usipopewa maji kiangazi huangusha maua na kuzaa matunda yasiyojaa. Kwa hiyo kinachouneemesha mpapai ndicho kinachounyima mwembe ua, na hakuna namna ya kumwaga maji kwa mmoja yasimfikie mwingine, kwa kuwa mizizi tuliyoiona katika mfereji ule ilikuwa imevuka zaidi ya nusu ya njia mwaka wa kwanza, na leo bila shaka imefika.

Tulibishana kwa siku mbili. Lililomaliza ubishi lilikuwa mti wa nne wa mstari wa 5. Upande wake unaotazama uchochoro wa 4, tuliokuwa tukiumwagilia hadi wiki iliyopita, ulikuwa umetoa majani mapya ya rangi ya shaba kwenye karibu kila ncha. Upande wa uchochoro wa 5 ulikuwa na majani mazito ya kijani yaliyotulia. Mwenzangu aliuzunguka mara mbili, kisha akaenda kuchukua panga.

Mipapai imekatwa usawa wa ardhi. Mashina yake ni laini na yana uwazi ndani, na panga likipiga mara tatu au nne huanguka. Tulivaa glovu na mikono mirefu kwa ajili ya utomvu. Visiki havikung'olewa, ili mizizi ya miembe iliyopita chini yake isikatwe. Vimefunikwa udongo na vitaoza vyenyewe. Mashina yamekatwa vipande na kulazwa katikati ya vichochoro. Minanasi ya uchochoro wa 2 inabaki kwa zao la pili la machipukizi, bila kumwagiliwa, na ile ya uchochoro wa 4 inang'olewa wiki ijayo kwa sababu ya vidung'ata. Uchochoro wa 3 utapandwa choroko mvua zitakaporudi. Mapapai mabichi ya mwisho, makapu 11, yamepelekwa kwa wenye mifugo.

Maji yamefungwa leo jioni.